Macho ya Mtoto na Maovu ya Watu Wazima

Liko swali moja ambalo twataka kulipima pamoja nanyi. Siku hizi sinema zimefika hata vijijini. Watu huzitazama katika mabanda ya video na katika simu zao, wakubwa kwa wadogo. Miongoni mwa sinema hizo ziko zinazosimulia maangamizi ya Wayahudi katika Ulaya, na baadhi yake zaisimulia habari ile kwa macho ya mtoto. Mtazamaji haonyeshwi ila yale aliyoyaona mtoto, wala haelezwi ila kadiri mtoto alivyofahamu. Sinema ikiisha, watu huondoka hali wamelia. Basi twauliza: machozi yale yatufundisha haki, au yatutuliza moyo tu? Je, yafaa mtu mzima ayatazame maovu makubwa namna ile kwa macho ya asiyejua kitu?

Kwanza yatupasa kuikumbuka habari yenyewe, kwa maana si hadithi ya kubuni. Mwaka 1933 Adolf Hitler na chama chake cha Nazi walishika serikali ya Ujerumani. Hawakuanza kwa kuua. Walianza kwa kutunga sheria. Mwaka ule ule walipunguza idadi ya watoto wa Kiyahudi wanaoruhusiwa kusoma shuleni. Mwaka 1935 zilitolewa sheria za Nuremberg, zilizowanyima Wayahudi uraia na kuwakataza wasioane na Wajerumani wengine. Mwezi wa Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto, na watoto wa Kiyahudi waliosalia katika shule za serikali wakafukuzwa. Vita vilipoanza mwaka 1939 na majeshi yao yakaenea Ulaya, walikusudia kuwamaliza Wayahudi kabisa. Wengine waliwapiga risasi kando ya mashimo, wengine waliwaua kwa njaa, na wengine waliwaua kwa gesi katika kambi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Hata vita vilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi karibu milioni 6 walikuwa wameuawa, na katika hao watoto karibu milioni 1 na nusu. Katika Auschwitz peke yake, kambi iliyokuwa katika nchi ya Poland, waliuawa watu karibu 1,100,000, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi.

Hesabu kama hiyo moyo wa mtu hauwezi kuichukua. Mtu akiambiwa milioni 6 hushangaa, kisha huendelea na kazi yake. Walakini akionyeshwa mtoto mmoja, mwenye jina, mwenye kiatu kilichotoboka, mwenye kumwita mama yake, huyo humwingia moyoni asiweze kumtoa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watengeneza sinema kuchagua macho ya mtoto. Sababu ya pili ni kwamba mtoto huuliza maswali ambayo wakubwa wameacha kuyauliza. Mtoto husema, Kwa nini mwenzangu amekatazwa kucheza nami? Amekosa nini? Swali hilo humfedhehesha mtu mzima, kwa kuwa hana jibu la haki. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Na katika macho yote, yasiyo na pazia kabisa ni macho ya mtoto. Kwa hiyo hatusemi kwamba sinema hizi ni mbaya zote, wala hatumcheki mtu aliyelia. Kulia kwa ajili ya mtoto aliyeonewa ni dalili ya moyo uliosalia hai.

Lakini dawa nayo ina kipimo chake, na ikizidi hugeuka sumu. Na tuichukue sinema moja iliyotazamwa na watu wengi sana, iliyotoka mwaka 2008. Mtengenezaji wake ni Mark Herman, naye aliitoa katika kitabu cha John Boyne cha mwaka 2006. Jina lake kwa Kiingereza ni The Boy in the Striped Pyjamas, yaani mvulana aliyevaa nguo za kulalia zenye milia. Bruno ni mtoto wa miaka 8, na baba yake amefanywa mkuu wa kambi. Kwa dirisha la nyumba yao mpya aona watu waliovaa nguo za milia. Adhani ya kuwa ni shamba, na watu wale ni wakulima wa ajabu. Siku moja afika penye ua wa seng'enge, amkuta mtoto wa Kiyahudi jina lake Shmuel, nao wafanya urafiki. Mwisho Bruno achimba chini ya seng'enge, avaa nguo za milia ili amsaidie mwenzake kumtafuta baba yake aliyepotea, na wote wawili wasukumwa pamoja na wafungwa wengine katika chumba cha gesi. Nje ya ua mama yake Bruno aililia nguo ya mwanawe, na baba yake aliita jina lake asijibiwe.

Hapo ndipo watazamaji huangua kilio. Nasi twauliza kwa upole: twamlilia nani? Sinema yote imetuzoeza kumpenda Bruno. Twaijua nyumba yake, michezo yake na bembea yake. Shmuel twamwona penye seng'enge tu. Mama yake hatumjui, wala kitanda alacholalia hatukionyeshwi. Kwa hiyo ole unaotupata mwishoni ni kwamba mtoto asiyehusika ameingia kwa bahati mbaya mahali pasipompasa. Lakini neno hilo likipimwa vizuri latisha. Kama kufa kwa Bruno ni bahati mbaya kwa kuwa hapakuwa mahali pake, je, palikuwa mahali pa Shmuel? Na wale wanaume waliosukumwa pamoja nao, ambao hata majina yao hatukuambiwa, wao walistahili? Hatudhani kwamba mwandishi wala mtengenezaji alikusudia kusema hivyo. Hata hivyo machozi hufuata njia iliyochimbwa, na hapa njia imechimbwa kuelekea nyumba ya mkuu wa kambi.

Tena kuna mambo katika hadithi hiyo yasiyopatana na kweli. Watoto wengi wa Kiyahudi wa umri ule walipofikishwa Auschwitz hawakupewa nafasi ya kuketi penye ua na kuzungumza; waliuawa siku ile ile waliyoshuka katika gari la moshi, pamoja na mama zao na wazee. Nyua zenyewe zilitiwa umeme na kulindwa na askari wenye bunduki. Ndiyo sababu mwezi wa Januari 2020 wakuu wa makumbusho ya Auschwitz walionya kwamba kitabu kile kisitumiwe na mtu anayesoma au kufundisha habari ya maangamizi. Onyo hilo latuhusu sana sisi tulio waalimu. Mtoto akisha kupokea habari kwa machozi, hushika kila kitu kilichokuja pamoja na machozi yale, kweli na uongo kwa jumla.

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko kukosea habari, nalo ni hili: macho ya asiyejua humfunika hata yule aliyejua. Tukiketi muda wa saa moja na nusu katika kiti cha Bruno, twaanza kuona kana kwamba watu wote wa nchi ile walikuwa kama Bruno, wasiojua kitu, na kwamba uovu uliwashukia kama mvua ya mawe. Haikuwa hivyo. Wafanyakazi wa gari la moshi walizipanga safari. Makarani waliandika majina. Majirani waliziona nyumba za Wayahudi zikibaki tupu, na wengine wakaingia kukaa humo. Waalimu wengi walifundisha darasani kwamba Myahudi ni adui; na katika sinema hiyo hiyo yumo mwalimu aliyekuja nyumbani kuwafundisha Bruno na dada yake chuki hiyo, na dada akaipokea. Na neno lililo chungu kwetu Wakristo ni kwamba wengi wa watu hao walikuwa wamebatizwa, wakiimba nyimbo za Krismasi kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulianza kuonekana mwaka 1933, na walioweza kuuziba walikuwa watu wazima, si watoto.

Hebu tutazame sinema ya pili, ya Italia, iliyotengenezwa na Roberto Benigni mwaka 1997. Jina lake, La vita è bella, maana yake maisha ni mazuri. Baba wa Kiyahudi aitwaye Guido apelekwa kambini pamoja na mtoto wake mdogo. Ili mtoto asife kwa hofu, baba amwambia kwamba mambo yote wanayoyaona ni mchezo: mwenye kujificha vizuri, asiyelia, asiyedai chakula, hupata alama, na atakayetimiza alama 1,000 atapewa kifaru cha kweli. Baba mwenyewe apigwa risasi. Mtoto aokoka, na asubuhi kifaru cha Wamarekani chaja mbele yake, naye afurahi akidhani ameshinda.

Watu wengi wameichukia sinema hiyo, wakisema si halali kuchekesha watu kwa habari ya kambi. Wengine wameuliza swali ambalo Mkristo hana budi kuliuliza: Je, baba amdanganye mwanawe? Sisi twasema hivi. Baba yule hakudanganya ili mtoto asiijue kweli milele. Aliificha kweli kama mtu afichavyo moto wa taa kwa mkono wake upepo ukivuma, ili usizimike. Tena yeye mwenyewe hakujidanganya. Macho yake yalikuwa wazi, na gharama aliilipa kwa mwili wake. Wala mtoto hakuachwa katika mchezo ule siku zote, kwa maana mwisho wa sinema yasikika sauti ya mtu mzima, naye ni yule mtoto aliyekua, ambaye sasa afahamu ni kitu gani baba yake alimtolea. Basi kosa halimo katika mtoto kutokujua. Kosa ni la mtu mzima atakaye kukaa katika kutokujua kwa mtoto. Kama mtazamaji akiondoka na mchezo tu, akasahau mkono uliofunika taa, ameipoteza maana yote.

Sinema ya tatu ndiyo tunayoiheshimu kuliko hizo mbili, nayo ni ya Mfaransa Louis Malle, iliyotoka mwaka 1987. Yaitwa Au revoir les enfants, yaani kwaherini, watoto. Malle hakuitoa katika kitabu. Mwezi wa Januari 1944, akiwa mtoto wa miaka 11, alikuwa akisoma katika shule ya mapadre wa Karmeli huko Avon, karibu na Fontainebleau. Mkuu wa shule, Padre Jacques, alikuwa amewaficha wavulana wa Kiyahudi kwa majina ya uongo kati ya wanafunzi wengine. Polisi wa Wajerumani wakapashwa habari, wakaja, wakawakamata wavulana watatu pamoja na padre. Wavulana wale waliuawa Auschwitz. Padre alifungwa katika kambi ya Mauthausen. Aliishi hata wafungwa walipofunguliwa, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha nguvu, akafa tarehe 2 Juni 1945.

Katika sinema ile mtoto Julien ana mwenzake mgeni, Bonnet, aliye hodari darasani kuliko yeye. Kwanza amwonea wivu, kisha wawa marafiki, na kidogo kidogo aigundua siri yake. Siku ya kukamatwa Mjerumani asimama mbele ya darasa na kumtafuta Myahudi kati yao. Watoto wanyamaza. Lakini Mjerumani anapogeuka kidogo, Julien amtupia rafiki yake jicho mara moja tu, na Mjerumani aliona lile jicho na kulifuata mpaka dawati la Bonnet. Tazameni jambo hilo, wasomaji. Hapa macho ya mtoto si dirisha safi la kutazamia maovu ya wengine. Macho yenyewe yamo ndani ya jambo. Mtoto hakutaka, wala hatumhukumu. Lakini alijua, na kujua kwake kukawa mzigo. Nani basi aliyepeleka habari kwa Wajerumani? Katika sinema ni kijana maskini aliyetumika jikoni. Alikuwa akiuza vitu kwa magendo pamoja na wanafunzi wa matajiri. Ilipogunduliwa, yeye peke yake alifukuzwa kazi. Wanafunzi hawakufukuzwa kwa sababu ya wazazi wao. Padre mwenyewe akiri kwamba si haki, lakini afanya vivyo hivyo. Kijana alijua siri ya shule, na hasira yake ikazaa kisasi. Hivyo hata katika nyumba ya mtu mwema, mtu aliyejitoa nafsi yake kwa ajili ya Wayahudi, kulikuwa na upendeleo mdogo uliofungua mlango. Sinema hiyo haituachi tukae juu tukiwahukumu Wanazi peke yao. Yatuuliza habari ya jikoni kwetu. Na mwisho wake tena yasikika sauti ya mtu mzima, Malle mwenyewe, ambaye miaka zaidi ya 40 haikumfutia asubuhi ile. Mtoto aliona, mtu mzima ashuhudia.

Iko na sinema nyingine inayotuhusu kwa karibu, kwa kuwa mambo yake yalitendeka Kenya, na Kiswahili chasikika ndani yake. Ni Nirgendwo in Afrika, ya Mjerumani Caroline Link, iliyotoka mwaka 2001 na kupewa tuzo ya Oscar mwaka 2003. Yatoka katika kitabu cha Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto, kwa sababu wazazi wake walikuwa Wayahudi na baba yake, mwanasheria, alikuwa amenyimwa kazi yake. Katika sinema mtoto Regina ajifunza lugha za wenyeji upesi kuliko wazazi wake, ampenda mpishi Owuor kama mzazi wa pili, na kuiona nchi hii kuwa nyumbani. Kambi za mauaji hazionekani hata mara moja. Kinachoonekana ni barua. Barua zaja kutoka kwa jamaa waliobaki Ulaya wakidhani mambo yatatulia, kisha barua zawa fupi, kisha hazipo. Mtoto acheza nje katika jua, na ndani ya nyumba watu wazima washika karatasi na kunyamaza. Hiyo twaiita kazi ya uaminifu. Sinema haidai kwamba mtoto aliona asichokiona. Yamwacha awe mtoto, nayo yamwachia mtazamaji kazi ya kuisoma barua.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Macho ya mtoto yatusaidia kuingia katika habari hii, maana bila hayo twabaki na hesabu tupu. Lakini ni mlango tu. Haifai tufanye makao pale mlangoni. Tukisha kuingia, yatupasa tutazame kwa macho yetu wenyewe, macho ya watu wenye kura, wenye kalamu, wenye funguo za shule na za kanisa, na kuuliza: waliojua walikuwa wapi? Mfalme Daudi aliposimuliwa na nabii Nathani habari ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake wa pekee, alighadhibika sana, akamhurumia maskini yule. Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini haikumfaa kitu mpaka Nathani alipomgeuzia neno, akamwonyesha kwamba mwenye kosa ni yeye. Sinema isiyofika kwa neno lile la Nathani yatuacha tumeketi katika kiti cha enzi, tukiwahurumia maskini wa mbali.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1994 katika Rwanda, jirani yetu, Watutsi waliuawa na watu waliojuana nao, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, baadhi yao wakiwa wamebebwa mgongoni na mama zao. Huko pia kulitangulia maneno: watu walianza kuitwa wadudu. Huko pia walikuwako watu wazima waliojua.

Basi tufanyeje? Tusiwakataze watoto kuijua habari ya maangamizi; mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini tusiwaachie sinema iwe mwalimu wao peke yake. Tukae nao wanapotazama, na walio wadogo mno tungoje wakue. Picha ikiisha tusikimbilie kuwafuta machozi. Tuwaulize, Umemlilia nani? Wako wengine katika habari hii ambao hukuwalilia? Walikuwa na majina gani? Kisha tuwaeleze kweli: kwamba Shmuel hakuwa na ua wa kuketia, kwamba sheria zilitangulia gesi, kwamba mwalimu wa chuki alikuwa mwalimu kama sisi, na kwamba Padre Jacques alikuwa mwalimu vilevile. Na zaidi ya hayo tutazame darasani kwetu na vijijini kwetu, kama yuko mtoto ambaye wenzake wamefundishwa kutocheza naye kwa sababu ya kabila lake, au dini ya wazazi wake, au ulemavu, au rangi ya ngozi yake. Yule hatuhitaji sinema ili kumwona. Mwenye macho haambiwi tazama.

Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake ili wajifunze unyenyekevu. Hakumweka ili wajifunze kutokujua. Mtoto ana haki ya kuwa na macho ya mtoto. Sisi tulio watu wazima tutaulizwa habari ya yale tuliyoyaona.